Safu ya Tatu

Mimi ni mweka hazina, siyo mshairi.
Ninauza viazi Isongole, napima kwa debe,
na kamati iliponikabidhi daftari la shule
nililifungia na fedha kwa fundo la mama yangu,
fundo lisilofunguka kwa maneno matamu.

Alipokuja Lusekelo, mtoto wa fundi Ambakisye,
michoro ameikunja ndani ya mwavuli,
akasema, "Madirisha yatazame kaskazini.
Juni jua hupita huko, litaingia bure,"
nilimuuliza, "Na hiyo bure yako ni shilingi ngapi?"
Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Nikakataa.

Jengo la zamani si lilikuwa limesimama?
Limesimama kama ng'ombe mgonjwa anavyosimama.
Mabati matupu juu, saruji iliyochimbika chini,
dirisha limezibwa kwa boksi la biskuti
maana upepo wa Uporoto haujui kubisha hodi.

Usiku mmoja, viazi vimekwisha kupimwa,
nikakaa na daftari, nikaandika
yale ambayo hakuna aliyewahi kuniletea risiti.

Machi: mvua siku kumi na tisa.
Ikipiga bati, Mwalimu Tumwitike hufunga kitabu,
husubiri, chaki mkononi.
Saa moja leo, saa mbili kesho kutwa.
Nikajumlisha muhula: wiki tatu za masomo
zimeteremka na maji hadi mto Kiwira.

Juni: vikohozi. Darasa la tatu, watoto sitini na wawili,
asubuhi ya umande mweupe wamefika thelathini na wanane.
Nauli ya zahanati. Dawa. Siku ya shamba
ya mama aliyebaki nyumbani na Ambwene wake.
Agosti: vumbi la sakafu. Macho.
Septemba: fundi wa bati.
Kila Septemba fundi wa bati, misumari yake, chai yake,
miaka kumi na mmoja.

Nikageuza shilingi kuwa viazi, ndiyo lugha ninayoielewa.
Kikawa kilima, kirefu kuliko shule yenyewe.
Tulifundishwa kuziba ufa.
Hakuna aliyetuambia kwamba ufa nao hutoza kodi.

Kulipokucha nikamwita Lusekelo. Nikafungua fundo.

Hatukuchoma tofali hata moja.
Udongo wa kilima chetu, saruji kidogo, mashine ya kushindilia,
akina baba wakining'inia kwenye mpini wake, wakitukanana kwa furaha.
Kuni tulizoziacha mlimani bado zinaitwa miti.
Chini ya bati tukaweka dari ya mianzi,
juu ya mianzi maranda ya seremala Mwakitalu
aliyekuwa akiyachoma kila Jumamosi.
Na pembeni tenki: mvua ileile, mwizi wa masomo,
sasa inanawisha watoto mikono.

Sitawadanganya. Deni la saruji
litatufuata hadi mavuno ya pili.
Mlango wa darasa la tano umevimba, haufungi.
Na Subilaga bado hajui kugawanya.
Ila hajui akiwa darasani, kila siku, dawati la pili,
wala si kitandani chini ya blanketi la bibi yake.

Juzi mvua ilinikuta barazani pa shule.
Mvua ya mawe, ile yetu.
Nikasubiri ukimya wa Mwalimu Tumwitike.
Haukuja.
Dirishani nikasikia sauti yake ya kawaida,
sauti ya mtu asiyeshindana na mtu:
"Saba mara nane?"
Darasa zima likajibu, na katikati yao mmoja
akakosea kwa sauti kubwa kuliko wote.

Nikatua debe. Nikatafuta pa kuiandika hiyo.
Daftari lina safu mbili, mapato na matumizi.
Nimechora ya tatu, kwa penseli.
Sijaipa jina.